Mtunza Vielelezo na Daftari Lake

Katika kazi nyingi zifanywazo na watumishi wa Serikali iko moja ambayo hatujapata kumsikia mtu akiiomba. Kazi ya hazina huombwa, kazi ya posta huombwa, na ukarani wa mahakama hugombewa. Lakini kazi ya kukaa katika chumba cha vielelezo cha polisi, kile chumba ambacho wengi wetu hukiita stoo ya vizibiti, mtu hupewa, haombi. Aghalabu hupewa kwa kuwa amezeeka, au hana afya, au amekosana na mkubwa wake na imeonekana afadhali awekwe mahali pasipo na watu. Tumeona yafaa basi katika toleo hili tuieleze kazi hiyo kwa urefu kidogo, maana twaamini kwamba imedharauliwa bila haki, na kwamba kudharauliwa kwake kumewanyima haki zao watu wasiokuwa na hatia yoyote.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, kwani wengi wetu hupita mbele ya mlango ule wasijue lifanyikalo ndani. Polisi wakikamata kitu kwa ajili ya kesi, kama panga, bunduki, bangi, fedha, nguo yenye damu, simu, baiskeli au gunia la mahindi, kitu hicho hakiendi mahakamani siku ile ile. Kesi huchukua miezi, na pengine miaka. Kati ya siku kilipokamatwa na siku kitakapowekwa mbele ya hakimu, kitu hicho ni amana mikononi mwa mtunzaji. Yeye hukipokea, hukikagua, hukitia alama, hukiandika daftarini, hukifunga na kukitia lakiri, kisha hukiweka mahali penye namba. Kikitakiwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hukitoa kwa sahihi, na kirudipo hukipokea kwa sahihi. Siku ya kesi hukitoa tena kipelekwe mahakamani, na mara nyingi yeye mwenyewe huitwa kusimama kizimbani aulizwe maswali. Mwisho wa yote hukirudisha kwa mwenyewe, au hukiteketeza kwa amri ya mahakama, na hilo nalo huliandika.

Hapa Tanzania kazi hii hufanywa na askari. Katika miji mingi ya Marekani hufanywa na raia walioajiriwa kama makarani. Lakini awe amevaa sare au asivae, kazi yake ni ukarani mtupu: kupokea, kuandika, kutunza, kutoa kwa sahihi na kutoa hesabu. Ndiyo maana twaihesabu kuwa kazi ya ndugu zetu, na ndiyo maana twaona si vibaya gazeti letu kuisemea.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo walilisema kwa ajili ya biashara, lakini sheria ya nchi imelikubali kwa namna yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamtaka askari aliyekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, itiwe sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi kama wapo. Amri za polisi nazo, zile zijulikanazo kwa herufi P.G.O., zina amri nzima, ya 229, inayohusu vielelezo. Na katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwa maneno ya wazi kwamba lazima iwepo njia ya maandishi, hatua kwa hatua, kuonyesha jinsi kitu kilivyokamatwa, nani alikitunza, nani alikichukua, kilipelekwa wapi, kilipimwa na nani, na mwisho wake kilifanywa nini. Sababu iliyotolewa na mahakama yafaa kila karani aijue kwa moyo: njia hiyo yatakiwa ili ithibitike kwamba kitu kinachoonyeshwa mahakamani ndicho hasa kilichohusika na kosa, wala si kitu kilichopachikwa na mtu ili mwingine aonekane mkosaji.

Ni kweli kwamba katika hukumu za baadaye mahakama hiyo hiyo ililegeza kidogo. Ilisema kwamba vitu visivyoweza kubadilishwa kwa urahisi, mathalan pembe za ndovu, havihitaji ukali ule ule kama vitu vinavyobadilika upesi. Na kwamba hata bila karatasi, ushahidi wa mdomo wa watu waliopokezana kitu waweza kukubaliwa iwapo waaminika. Wako watu waliozisikia habari hizo wakafurahi, wakidhani mzigo wa daftari umetuliwa. Sisi twasema, la hasha. Pembe ya ndovu haibadilishwi kwa urahisi, lakini unga mweupe hubadilishwa kwa unga mweupe mwingine, noti kwa noti, na risasi kwa risasi. Na kumbukumbu ya mtu hufifia. Shahidi aliyepokea kitu miaka minne iliyopita hukumbuka kwamba alipokea, lakini akiulizwa ni saa ngapi na mbele ya nani, hunyamaza. Daftari halinyamazi.

Ili ionekane kwamba hatusemi maneno ya vitabuni tu, na twende hata New York, mji ambao polisi wake wana ofisi kubwa ya karani wa mali, yenye maghala kadha wa kadha. Mwezi wa Desemba 1972 iligunduliwa kwamba katika ofisi hiyo yameibwa mamia ya paundi za dawa za kulevya, nazo zilikadiriwa kuwa na thamani ya kama dola milioni 70. Sehemu ya dawa hizo ilikuwa heroini iliyokamatwa mwaka 1962 katika kesi iliyosikika duniani kote kwa jina la French Connection. Wala mlango haukuvunjwa, wala mlinzi hakupigwa. Dawa zilitolewa kwa sahihi zilizotiwa katika kitabu kwa majina ya uongo, kama kwamba zakwenda mahakamani, na mahali pake ukawekwa unga. Siri ilifichuka wadudu walipoonekana wakila ndani ya mifuko. Nao wadudu hawali heroini.

Katika habari hii liko neno la kutafakari. Kitabu kilikuwako. Sahihi zilikuwako. Lililokosekana ni karani mwenye kuuliza: wewe u nani, namba yako ni ipi, kesi hii yasikilizwa leo na hakimu gani? Na kitu kiliporudi hapakuwa na mtu wa kukipima tena na kukilinganisha na uzito ulioandikwa kabla hakijatoka. Sahihi ambayo haikukaguliwa ni wino tu. Wezi wale hawakuhitaji shoka wala nyundo, kwa kuwa kalamu iliwatosha.

Jambo la namna hiyo halikuishia mwaka 1972, wala haliko mbali nasi. Mwezi wa Novemba 2021, katika mji wa Port Shepstone nchini Afrika Kusini, kilo 541 za kokaini, zenye thamani ya kama randi milioni 200, ziliibwa katika ofisi za kikosi cha upelelezi kiitwacho Hawks, zilikokuwa zimewekwa kama kielelezo. Shehena kubwa kiasi hicho haikupasa kukaa katika ofisi ya kawaida. Mtunzaji hodari angelisema hivyo siku ya kwanza ilipoletwa. Lakini ili asikilizwe hapana budi awe mtu mwenye cheo na sauti, wala si mtu aliyetupwa pale kwa adhabu.

Walakini wizi si hasara iliyo kubwa kupita zote. Tusimulie habari nyingine ya New York ambayo kwetu sisi yauma zaidi. Mtu mmoja wa mtaa wa Bronx alihukumiwa mwaka 1985 kwa kosa la kumnajisi mwanamke. Siku zote alisema si yeye. Ilipopatikana elimu ya kupima chembe za mwili zijulikanazo kwa herufi DNA, aliomba mwaka 1994 kwamba vitu vilivyochukuliwa na daktari kwa yule mwanamke vitafutwe vipimwe. Akajibiwa kwamba havipatikani. Aliomba tena na tena kwa miaka, na jibu likawa lile lile. Mwaka 2005, baada ya kuombwa tena, vitu hivyo vilitafutwa kwa kweli ghalani, vikaonekana. Navyo vilikuwa wapi? Ndani ya pipa lile lile lililoandikwa katika hati yake tangu mwanzo. Vilipimwa, ikadhihirika kwamba mkosaji alikuwa mtu mwingine, na mwezi wa Julai 2006 mfungwa yule akatoka, baada ya kuumaliza ujana wake kifungoni.

Ndugu wanachama, hapa hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na rushwa wala unga wa uongo. Aliyeandika hati aliandika sawasawa, na aliyeweka kitu alikiweka mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kuinuka kitini, akashika hati mkononi, akaenda mpaka kwenye pipa akafungua mfuniko. Neno «hakipatikani» ni jepesi kulitamka, nalo hummalizia karani kazi yake kwa dakika moja. Lakini tangu lilipotamkwa mwaka 1994 hadi mwaka 2005 ni miaka kumi na mmoja, na miaka hiyo yote mtu aliilala gerezani. Twaona kwamba neno hilo halifai kuandikwa na mtumishi yeyote mpaka ameandika pia chini yake: nimetafuta mahali fulani na fulani, tarehe fulani, nikiwa pamoja na fulani.

Basi watu wanaotegemea daftari hili ni watatu. Wa kwanza ni mshtakiwa, asifungwe kwa kitu kilichopachikwa au kwa kitu kilichopotea ambacho kingalimwokoa. Wa pili ni yule aliyetendewa uovu, mwanamke aliyenajisiwa au mjane aliyeibiwa ng'ombe, asione mwovu akitoka mlangoni akicheka kwa kuwa lakiri ilikuwa imevunjika na hapana ajuaye nani aliivunja. Wa tatu ni mtunzaji mwenyewe. Maana kitu kikipotea, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo, na asipokuwa na sahihi ya mtu mwingine mkononi, mwizi huwa ni yeye, hata kama hajapata kugusa kitu.

Kwa sababu hiyo twataka kusema neno juu ya jaribu lililo gumu kupita yote katika kazi hii. Si jaribu la fedha. Mtunzaji mwaminifu aweza kukaa na fedha mwaka mzima asizitamani. Jaribu gumu ni la heshima. Mkubwa huja jioni, ana haraka, asema: nipe ile simu mara moja, nitairudisha kesho, sahihi tutaandika baadaye. Mdogo huona haya kumkatalia, kwani amefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa hakatazwi. Hutoa. Kesho haiji. Baada ya miezi sita mkubwa amehamishwa, simu haipo, na daftari laonyesha kwamba kitu kiliingia na hakikutoka.

Wenzetu wa kazi hii yafaa waijue njia ya kukataa bila kukosa adabu. Mdogo hana haja ya kusema «sitoi». Na asimame kwa heshima, alifungue daftari, aliweke juu ya meza pamoja na kalamu, aseme: «Afande, daftari hili hapa, ukitia sahihi, kitu ni chako sasa hivi.» Mkubwa mwenye nia njema atatia sahihi wala hatakasirika, kwa kuwa nafsi yake naye yalindwa. Atakayekasirika amekwisha kuonyesha kwamba hakuitaka ile sahihi, na hiyo peke yake ni sababu ya kutompa kitu. Na mkubwa aliye mkubwa kweli huwafundisha walio chini yake kwa kutia sahihi yeye wa kwanza.

Tena kazi hii ina elimu yake, na wenye kudhani kwamba ni kufunga na kufungua mlango wamekosea. Nguo yenye damu haitiwi katika mfuko wa plastiki ikiwa mbichi, kwani hutota na kuota ukungu, na chembe zilizomo huharibika. Hukaushwa kwanza, kisha hutiwa katika karatasi. Bangi mbichi hupungua uzito ikaukapo, na mtunzaji asiyeandika uzito wa siku ya kupokea, na hali yake ilivyokuwa, atashtakiwa wizi na jua. Bunduki hukaguliwa na mjuzi ithibitike kwamba haina risasi kabla haijawekwa rafuni. Fedha huhesabiwa na watu wawili mbele ya macho ya kila mmoja, na namba za noti huandikwa. Bunduki, fedha na dawa za kulevya hutengwa na vitu vingine, na kila kimoja huwekwa chini ya kufuli yake. Simu iliyokamatwa yaweza kufutwa na mtu aliye mbali, hivyo haina budi kuzuiwa isipokee mawimbi. Mchana kutwa mtunzaji huvuta hewa ya ukungu, ya vumbi la dawa na ya damu iliyokauka. Asipopewa glavu na dirisha, ugonjwa wake hautaandikwa katika daftari lolote.

Iko pia sehemu ya mwisho ya kazi, nayo ndiyo iliyosahauliwa kuliko zote: kutoa. Chumba cha vielelezo hujaa kwa sababu watu wengi wana ruhusa ya kuleta, lakini hapana anayeona kwamba ni wajibu wake kuondoa. Baiskeli ya mtu maskini hukaa mpaka magurudumu yaoze, na kesi yake ilikwisha zamani. Pikipiki ambayo ilikuwa chakula cha watoto wanne husimama mvuani nyuma ya kituo mpaka nyasi zipite katikati ya taya zake. Mwenyewe huja, huambiwa njoo wiki ijayo, huja tena, hata mwisho hukata tamaa. Mali yake haikuibwa na mwizi. Imeliwa na kutu chini ya ulinzi wa Serikali. Mtunzaji mwenye kujua kazi yake hupitia daftari kila mwezi, huandika orodha ya kesi zilizokwisha, na huipeleka kwa mkubwa wake akiomba amri ya mahakama. Hilo halihitaji fedha, bali lahitaji karatasi moja na mtu mwenye kujali.

Hata katika kuondoa, haki ina utaratibu wake. Vitu vyenye kuoza, kama nyama ya porini, haviwezi kungoja kesi, na amri za polisi huruhusu viteketezwe kwa idhini ya hakimu, baada ya kupigwa picha iwezekanapo. Lakini katika rufaa ya jinai namba 385 ya mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mshtakiwa ana haki ya kuwapo mbele ya hakimu huyo na kusikilizwa kabla amri haijatolewa; na kwa kuwa katika kesi ile hakusikilizwa, hati ya orodha ya vitu vilivyoteketezwa haikuweza kusimama dhidi yake. Tazameni jinsi jambo dogo livyo kubwa. Mtu mmoja alisahau kumleta mshtakiwa mbele ya hakimu kwa dakika chache, na kazi yote ya walinzi waliolala porini ikapungukiwa na nguvu.

Baada ya maneno hayo twafika kwenye ombi letu. Twaomba kazi ya kutunza vielelezo ifanywe kazi ya maisha, yenye mafunzo yake, cheti chake na ngazi yake ya kupandia, kama ilivyo kazi ya uuguzi au ya uhasibu. Si ndoto. Nchini Marekani tangu mwaka 1993 kiko chama cha watunza mali na vielelezo wa polisi, ambacho hufundisha watu kazi hii na kuwapa cheti cha ustadi. Moja katika kanuni zake ni kwamba kila mwenye ufunguo abadilishwapo, vitu vyote vihesabiwe upya kabla mwingine hajapokea. Sisi watumishi hatuhitaji kuambiwa faida ya jambo hilo, maana twaijua hati ya makabidhiano tangu siku ya kwanza ya kazi. Ajabu ni kwamba mtu hukabidhi meza, viti na kabati kwa orodha, lakini chumba chenye bunduki na fedha za watu hukabidhiwa kwa kupeana ufunguo mlangoni.

Wako watakaotujibu hivi: mkimweka mtu mmoja katika chumba hicho maisha yake yote, atakizoea, na mazoea huzaa wizi, chovya chovya humaliza buyu la asali. Jibu hilo lina nguvu, nasi hatulidharau. Lakini twaomba watofautishe kazi na ufunguo. Muuguzi hukaa katika uuguzi miaka thelathini, wala hakai katika wodi moja miaka thelathini. Kadhalika mtunza vielelezo na ahamishwe toka kituo hiki hata kile kila baada ya miaka michache, na kila ahamapo vitu vihesabiwe. Lakini ustadi wake asinyang'anywe kwa kurudishwa doria mara tu alipokwisha kujifunza. Tena mlango uwe na kufuli mbili na watu wawili, ukaguzi uje bila taarifa, na mkaguzi asiwe mtu wa kituo kile. Kwa njia hiyo mazoea huzaa ustadi, na wizi hauna pa kukaa. Desturi ya kumtupa mle mtu asiye na mafunzo, asiye na cheo na mwenye kinyongo, haizuii wizi, huukaribisha.

Na jengo nalo litazamwe. Mwaka 2012 tufani iliyoitwa Sandy iliyafurika maji maghala ya vielelezo ya polisi wa New York, na mwezi wa Desemba 2022 ghala lao moja pale Brooklyn liliungua moto, na ushahidi wa kesi za zamani ukateketea. Ikiwa mji wenye mali nyingi kiasi kile uliweza kupoteza ushahidi kwa maji na moto, chumba chenye bati linalovuja na nyaya za umeme zilizo wazi hakina kinga yoyote ila bahati. Rafu ziinuliwe juu ya sakafu, paa liezekwe vizuri, na vitu vya kesi kubwa visikae vyote chini ya dari moja.

Tumalize kwa kusema na vijana wetu waliomaliza shule na wanaotafuta kazi, na wale ambao pengine mwezi huu wamepewa ufunguo wa chumba hicho wakaupokea kwa huzuni. Msione kwamba mmefichwa. Hakimu huandika hukumu yake kwa kutegemea kitu kilichowekwa mezani pake, na kitu hicho hakiwi ushahidi ila kwa sababu yuko mtu aliyekiandika siku kilipoingia, akakilinda usiku wote watu walipolala, akakitoa kwa sahihi. Andikeni saa na tarehe. Andikeni jina zima, msiandike cheo peke yake, maana cheo hushikwa na wengi. Mkikosea neno lipigeni mstari mmoja lisomeke, mtie sahihi kando, wala msifute. Mkiambiwa kitu kitafutwe, inukeni mkakitafute. Na atakayekuja jioni mwenye haraka, hata akiwa mkubwa wa namna gani, wekeni daftari mbele yake pamoja na kalamu, mngojee.